Hewa Iliyogoma Kutoka kwenye Klachi ya Isongole

Gari lilikuwa limepona, na hapo ndipo usingizi wangu ulipokatika. Kwa kawaida fundi hukosa usingizi kwa sababu ya gari lililomshinda. Mimi nililala macho kwa sababu ya pikapu iliyokuwa inaingia gia zote bila kelele, imeegeshwa uani kwetu Tunduma, tayari kurudi Isongole. Nilikuwa najiuliza kama niseme kwamba dereva wake hakuiharibu. Nilikuwa karibu na hakika, lakini karibu na hakika si hakika. Kesho yake, Ijumaa, kamati ya zahanati ilikuwa inakaa kumwondoa kazini dereva huyo, kwa neno lililotoka karakana yetu. Nikimtetea na kumbe nimekosea, gari lingekwama mlimani na mama mjamzito ndani. Nikinyamaza, dereva huyo, Sekela, angerudi kwao bila kazi.

Nitafika huko. Kwanza nijieleze, maana wengine mmeingia karakana juzi tu.

Nimeondoka mwezi uliopita, baada ya miaka sita. Siku ya kuniaga mliandika kwenye keki neno "Mstaafu", ingawa umri wangu ni wa watu wanaotafuta kazi, si wa wanaopumzika. Dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa anasubiri lori lake alikula kipande kikubwa kuliko wote, akanipa mkono na kunipongeza kwa utumishi mrefu. Sababu za kuondoka ni za kawaida: nakwenda kufundisha chuo cha ufundi. Mmeniomba niandike yale niliyokuwa nawaambia kila siku hadi mkachoka. Faida ya maandishi, mlisema, ni kwamba mtu anaweza kuyafunga.

Nilifika karakana na shahada ya uhandisi mitambo na ovaroli niliyoipiga pasi. Fundi Simbeye, mkuu wa karakana, aliitazama ile mistari ya pasi kwenye mikono.

"Karibu, Injinia. Hiyo ikichafuka utalia?"

Nikasema sitalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali kuhusu mgandamizo na mzunguko wa injini, na hilo halikuwamo. Hadi jioni nilikuwa bado najiuliza kama nimemjibu kwa jeuri.

Siku hiyo hakunipa spana. Alinipa stuli kando ya geti, akaniambia kila gari likiingia niseme lina nini kabla halijazimwa. Mnajua kelele za pale, foleni ya malori ya mpakani haikatiki na kila lori lina wimbo wake. Nilikosea karibu yote. Gari moja nilisema lina beringi mbovu, kumbe dereva alikuwa amebeba sufuria nyuma. Fundi Simbeye hakunicheka. Alisema masikio yangu ni mazuri, ila nayasikiliza mawazo yangu kwanza ndipo nalisikiliza gari.

Kisha akanifundisha maswali yake matatu, ambayo kila mmoja wenu anayajua. Limeanza lini? Nani aliligusa mwisho? Likipata moto linakuwaje? Mteja asipojibu hayo, boneti haifunguliwi. Mimi kwa tabia yangu niliyaongeza. Nilitaka kujua mvua ilinyesha lini, gari linalala wapi, nani mwingine analiendesha, lilibeba nini wiki iliyopita. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga kutoka Momba aliniuliza, "Dada, hii ni gereji au polisi?" Jina la Injinia likageuka kuwa Injinia Maswali. Wazambia peke yao waliendelea kuniita ba mayo, yaani mama, kwa heshima, hata wale wenye umri wa baba yangu.

Wasiwasi huu umenigharimu. Niliwahi kufungua dashibodi nzima nikitafuta mlio ambao asubuhi yake uligundulika kuwa ni punje za mahindi ndani ya tundu la hewa. Mwenye gari alikuwa mpole. Alizichukua zile punje, akasema ni mbegu nzuri. Siwaambii muwe kama mimi. Nawaambia tu kwamba kwenye klachi ya Isongole swali moja kati ya yale ya polisi ndilo lililotufikisha.

Sasa klachi yenyewe. Ya mafuta ni kitu rahisi, usiiogope. Juu, karibu na pedali, kuna masta. Chini, ubavuni mwa gia boksi, kuna slevu. Katikati kuna bomba. Unakanyaga, masta inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma slevu, slevu inasukuma uma, na uma unaitenganisha injini na gia boksi ili ubadilishe gia. Hewa ikiingia kwenye njia hiyo, mguu wako unaibana hewa badala ya kusukuma mafuta, maana hewa hukubali kubanwa na mafuta hayakubali. Pedali inakuwa laini. Injini na gia boksi hazitengani vizuri, gia zinakwaruza, na rivasi ndiyo hulalamika kwanza. Ukipampu pedali haraka haraka, gia inaingia kwa shida, halafu tatizo linarudi.

Dawa yake ni kutoa hewa. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine chini anafungua nati ya slevu, hewa inatoka na mafuta kidogo, nati inafungwa, ndipo mguu unaachia. Mimi nilikuwa natumia mpira wa dripu, ule mwembamba unaopenyeza mwanga, upande mmoja kwenye nati na upande mwingine kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Unaona kila povu linalopita. Niliacha miwili kwenye droo ya juu. Tafadhali msifungie nayo mizigo.

Watu wengi wa kwetu hutoa hewa nyumbani, na si vibaya. Wakishindwa ndipo hutuletea, na hapo ndipo pana kazi ya kufikiri. Pedali ikibaki laini baada ya hewa kutolewa, usikimbilie kushusha gia boksi. Angalia kopo la mafuta kama liliachwa likakauka wakati wa kazi, maana likikauka umeingiza hewa upya. Uliza mafuta yalitoka wapi. Yakiwa yamepimwa kwenye chupa ya maji huko mpakani, yanuse, kwa sababu mafuta ya injini huvimbisha raba zote. Inua kapeti chini ya pedali uone kama masta inavuja kwa ndani. Funua kile kifuniko cha raba cha slevu, pakiwa na unyevu, raba zimekwisha. Shika mpira unaopeleka mafuta wakati mwenzio anakanyaga, ukivimba kama shavu la mtoto, huo ndio mbovu. Tazama na ile nafasi ndogo ya fimbo ya pedali kucheza. Yote hayo tuliyaangalia kwenye gari la Isongole, na yote yalikuwa sawa.

Gari lilikuwa la zahanati moja ya kanisa, upande wa Isongole, wilayani Ileje. Lilikuwa likibeba chanjo, magodoro, wakati mwingine wagonjwa na wajawazito wa kupelekwa hospitali ya Itumba. Dereva wake, Sekela, alikuwa msichana wa huko huko, yuko kwenye kipindi cha majaribio. Kabla yake hawakuwahi kuwa na dereva mwanamke, na nadhani hilo liliwafanya watu waisikilize klachi kwa makini kuliko walivyoisikiliza zamani.

Alilileta mwenyewe, akiwa peke yake. Niliposikia gia zilivyokuwa nikamuuliza amefikaje na ile milima.

"Nazima, natia gia ya kwanza, nawasha likiwa ndani ya gia," alisema. "Likishaondoka nabadilisha kwa sikio, bila klachi. Kusimama ndiyo shida. Pale Mpemba njiani, trafiki alinisimamisha, nikamwomba tuongee huku natembea."

"Akakubali?"

"Alitembea kidogo."

Nikamuuliza yale matatu. Tatizo limeanza lini? Tangu raba za slevu zilipobadilishwa. Nani aliligusa mwisho? Mzee Kibona, mwenyekiti wa kamati. Huyu alikuwa mwalimu wa useremala, amestaafu, mtu mwenye mikono safi kwa kazi. Alinunua raba hapa hapa Tunduma, akazibadilisha nyumbani kwake, akatoa hewa huku mkewe akikanyaga pedali. Tulipofungua baadaye tuliona raba zimekaa kama zimewekwa kiwandani. Lakini gari halikupona. Mzee akatoa hewa tena, nalo likakataa. Basi watu wakaanza kuangalia mguu wa dereva.

Kwetu, Fundi Simbeye alitoa hewa yeye mwenyewe. Povu zilitoka chache mwanzoni, kisha mafuta safi. Pedali ikabaki laini kama embe lililoiva. Akarudia, mambo yakawa yale yale. Akatoka chini, akafuta mikono.

"Hewa imeisha. Mzee katoa, mimi nimetoa. Hii pleti imepinda."

Hapa niwaeleze, maana ndipo shauri lote lilipo. Pleti ya klachi, ile sahani inayounganisha injini na gia boksi, ikiungua huteleza: injini inapiga kelele na gari haliendi. Hilo ni rahisi kulitambua, na gari hili halikuwa likiteleza. Lakini pleti ikipata moto sana inaweza kupinda, na pleti iliyopinda inaganda, haiachii vizuri hata ukikanyaga hadi mwisho. Dalili zake zinafanana kabisa na hewa. Na kinachoipa pleti moto kwenye milima ya Ileje ni dereva anayesimama kwenye mwinuko huku analizuia gari lisirudi nyuma kwa klachi badala ya breki. Kwa hiyo Fundi Simbeye hakuwa anabahatisha. Aliwahi kushusha gia boksi nyingi za namna hiyo.

Alimpigia Mzee Kibona mbele yangu. Alisema si hewa, ni pleti, na pleti huwa hivyo kwa mguu wa dereva. Mzee alishukuru, akasema basi kamati itajua la kufanya Ijumaa. Pleti ilikuwa iagizwe Mbeya.

Sekela alikuwa amekaa kwenye tairi bovu karibu na ukuta. Alisikia yote.

"Dada," akaniambia, "mimi silishikilii gari kwa klachi. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Akinifundisha, nikigusa klachi mlimani bila sababu ananipiga kofi la goti. Mpaka leo goti likikumbuka linajikunja lenyewe."

Nilimwamini, ila kumwamini mtu si kipimo. Nikaanza maswali yangu ya polisi. Gari linalala wapi? Kwa Mzee, zahanati haina uzio. Nani mwingine analiendesha? Hakuna. Betri vipi? Imechoka, ndiyo maana wanaliegesha kwenye mteremko, asubuhi linaserereshwa na kuwaka. Hilo nalijua, nusu ya magari ya Ileje yanalala hivyo. Nikauliza, siku Mzee alipotoa hewa, lilikuwa limeangalia wapi?

"Limeangalia Malawi, bondeni, kama kawaida," Sekela alisema. "Likiangalia kwingine asubuhi tungelisukuma na nani?"

Nilikwenda kulala chini ya gari bila kazi maalumu, nikaitazama slevu. Kwenye gari hilo slevu imelala kwa urefu. Nati ya kutolea hewa iko upande wa mbele, na fimbo inayosukuma uma iko upande wa nyuma. Ua wetu, mnaujua, unashuka kutoka barabarani. Pikapu ilikuwa imeingia kwa pua na kubaki hivyo hivyo, kwa sababu rivasi ilikuwa haiingii na hakuna aliyetaka kuisukuma kurudi juu. Pua ilikuwa chini, mkia juu. Maana yake mkia wa slevu ulikuwa juu kuliko nati.

Hewa hupanda. Hilo hata mtoto anayecheza na chupa mtoni analijua. Kwa Mzee Kibona gari liliinamia bonde, hewa ikapanda nyuma ya slevu, ikakaa pale na kutulia, huku yeye akitoa mafuta safi kwa mbele. Likaja kwetu likainamia ukuta, nasi tukafanya vile vile. Tulikuwa tunasema hewa imetolewa mara nyingi. Ilikuwa imetolewa kwa mkao mmoja tu, na mkao huo haukuwa unaitoa.

Nikachukua jeki, nikaanza kuinua mbele.

"Unabadilisha tairi?" Fundi Simbeye aliuliza.

"Nataka pua iwe juu, fundi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si wakuu wote hulifanya. Akasema, "Haya. Weka stendi, usiamini jeki." Sekela akapanda kwenye pedali. Mimi nikaingia chini na mpira wa dripu.

"Kanyaga. Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nilipofungua nati, povu zilikuja kama chai inayoanza kuchemka. Tukafunga, akaachia, akakanyaga tena. Zikaja nyingine, kubwa zaidi. Nikamsikia juu akisema, "Dada, inanirudisha mguu." Pedali ilikuwa imeanza kugoma, na pedali ya klachi inapaswa kugoma kidogo. Tulipolishusha gari, Fundi Simbeye alipanda mwenyewe, akatia rivasi. Ikaingia kimya. Akatoa, akatia tena, kama mtu anayetafuta kosa. Akashuka.

"Mh," alisema, akaenda kunawa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi mchana. Jioni nilimuuliza kama atampigia Mzee Kibona.

"Tutawaambia gari limepona. Wanachotaka ni gari."

"Lakini fundi, ulimwambia ni mguu wa dereva."

"Nilimwambia inaweza kuwa."

Hakuwa amesema inaweza kuwa, na wote wawili tulijua. Kisha akaongeza, "Na wewe una hakika gani kwamba pleti ni nzima? Labda hewa ilikuwepo, na pleti nayo imepinda kidogo. Ikipoa inaachia, ikipata moto inaganda. Umeipa moto? Hujaipa. Sasa nenda kaape mbele ya kamati."

Ndipo nikalala macho. Nilifikiri kila njia ambayo ningeweza kuwa nimekosea, na nikianza kazi hiyo simalizi. Labda joto. Labda raba zitavuja wiki ijayo. Labda Sekela ni mkweli na mguu wake si mkweli, maana watu wengi hawajui miguu yao inafanya nini. Nikafikiri pia kwamba mimi ni nani nimkosoe Fundi Simbeye, aliyenifundisha kuuliza nani aliligusa mwisho, halafu nikamwambie mwalimu mzee, kwenye kikao chake mwenyewe, kwamba aliyeligusa mwisho ni yeye. Nikitafakari jambo kwa muda mrefu huwa naona pande zote zina haki, kisha hazinisaidii. Alfajiri nilikuwa nimebaki na kitu kimoja cha kufanya, nacho si cha kufikiri. Pleti ipewe moto.

Sekela alikuja asubuhi kuchukua gari. Alikuwa amelala kwa shangazi yake karibu na soko.

"Usiponisemea sitakulaumu, dada," alisema kabla hata sijamsalimia. "Ila ukimjua mwenye lori anayetafuta dereva, nielekeze."

Nikamwambia tupakie kwanza. Tulijaza nyuma gia boksi mbovu mbili na viroba vya mchanga, nikapanda kando yake. Fundi Simbeye alitutazama tukitoka getini. Hakuuliza, nami sikueleza, kwa sababu nilikuwa sijui nimeamua nini. Nilisema moyoni nakwenda kujaribu gari, na mtu anaweza kujaribu gari bila kuamua kitu.

Pale Mpemba tulikata kulia kuingia barabara ya Ileje. Milima ilipoanza nilimwomba apande taratibu, asimame kila kwenye mwinuko, aondoke tena. Sikuangalia barabara. Niliangalia mguu wake wa kushoto. Akishabadilisha gia unarudi sakafuni, unalala pale kama mguu wa mtu aliyekaa sebuleni. Aliposimama mlimani alivuta breki ya mkono na kukanyaga klachi pale tu alipotaka kuondoka. Nilianza kuona aibu kwa kumkodolea macho.

"Unahesabu vidole?" aliuliza.

"Nahesabu makosa."

"Ukiona nipe."

Gari lilipokuwa limepata moto kiasi cha kunuka, tulisimama kwenye mwinuko mkali. Nikamwambia aache injini inguruke, akanyage, asubiri kidogo, kisha atie rivasi. Pleti iliyopinda ingekwaruza hapo. Iliingia kimya. Tukarudia. Ikaingia tena. Kisha breki ya mkono, gia ya tatu, aachie klachi polepole huku akitia mafuta, tuone kama itateleza. Injini ilizimika palepale, kama inavyotakiwa. Tukaliacha lirudi nyuma kidogo hadi pembeni, tukafanya yote upya. Siwezi kuwaambia kwamba nilipata hakika. Nilipata kipimo, na kipimo hicho kilikubaliana na mguu niliouona.

Palikuwa na nafasi pana ya kugeuzia pale kando ya barabara. Sekela alisubiri, mikono kwenye usukani. Tukigeuza, tungefika karakana kabla ya saa nne, na yeye angeondoka peke yake kwenda kwenye kikao. Mbele ilikuwa Isongole.

Nikampigia Fundi Simbeye.

"Fundi, nimeipa moto. Iko vizuri. Naendelea hadi Isongole, nitasema kwenye kikao."

Nikasikia mtu akipiga nyundo nyuma yake.

"Utasemaje?"

"Nitasema tulitoa hewa gari likiwa limeinama, ndiyo maana tukadhani ni pleti."

"Usiseme tulitoa. Ukisema tulitoa watadhani ni wewe, kwa sababu wewe ndiye mgeni wao na ndiye mdogo. Sema Simbeye alitoa hewa, na Simbeye alikosea. Wananijua." Kisha akasema, "Na hizo gia boksi zangu uzirudishe."

Tukaendelea.

Kikao kilikuwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mzee Kibona alikaa katikati, kofia kwenye goti. Kando yake alikuwepo mama mmoja wa kamati aliyekuwa akimenya karanga. Wengine walikuwa wanamalizia habari za bati.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Gari limekuja lenyewe au limevutwa?"

"Limekuja na Sekela."

Akanionyesha benchi, sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kufikiri. Nikasema pleti ni nzima, nimeipima ikiwa na moto. Nikasema Fundi Simbeye alikosea na ameniagiza niseme hivyo kwa jina lake. Nikaeleza slevu, nati iko wapi, hewa inakwenda wapi gari likiinama. Nikasema kwetu liliinamia ukuta, na huku liliinamia bonde.

Mzee aliigeuza kofia gotini. "Mimi nilifuata hatua zote," alisema.

"Zote, mzee. Raba umeziweka vizuri kuliko wengi wetu. Gari tu ndilo lilikaa vibaya."

"Ningeliinua mbele?"

"Ndiyo. Au ungeligeuza."

"Kwa hiyo tumekaa hapa kumwondoa mtoto wa watu," alisema, akiwatazama wenzake badala ya kunitazama mimi, "kwa namna ninavyoegesha gari."

Yule mama wa karanga akasema hayo ni maneno ya gereji, gereji hiyo hiyo ilisema vingine jana, na je, likikwama usiku na mzazi ndani? Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali langu.

Mzee Kibona akanigeukia. "Una hakika, mwanangu?"

Raba, mpira wa mafuta, betri iliyochoka, yote yalinijia mdomoni kwa mpangilio, na kila moja lilikuwa na lakini yake.

"Ndiyo, mzee," nikasema, nikakaa.

Alivaa kofia. Akamwambia Sekela kwamba Jumatatu kuna chanjo za kuchukua Itumba, asichelewe.